Mbwa Mpakani mwa Pori: Historia ya Uwindaji, Matembezi na Uhifadhi Katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, 1861–2019

Ikisiri

Insha hii inachunguza nafasi ya mbwa katika historia ya mapori ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, tangu kufika kwa Speke na Grant mwaka 1861 hadi kuanzishwa kwa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa mwaka 2019. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: imekuwaje mnyama aliyekuwa mwenzi wa mwindaji na mlinzi wa mifugo akawa kielelezo cha kosa pindi avukapo kigingi cha mpaka? Data zimetokana na masimulizi ya wasafiri, sheria za wanyamapori, maandishi ya wanahistoria na matembezi ya mtafiti kandokando ya mipaka ya hifadhi. Insha inadai kwamba katazo la mbwa lina mizizi miwili yenye asili na umri tofauti: wa kwanza ni sheria za uwindaji zilizoamua nani awinde na kwa njia gani, wa pili ni elimu ya magonjwa iliyopata nguvu katika miaka ya 1990. Kuichanganya mizizi hii kumemdhulumu mwanakijiji na kumeidhoofisha hoja halali ya uhifadhi. Kwa kulinganisha na Msitu wa Karura jijini Nairobi, insha inapendekeza kwamba nafasi ya kutembea na mbwa itafutwe katika misitu ya vijiji, nje ya hifadhi za taifa.

1.0 Utangulizi

Katika matembezi ya uwandani upande wa Kyerwa, mtafiti alifuatana na mwenyeji aliyekuwa na mbwa wa rangi ya kahawia, mwembamba, wa aina inayoonekana katika kila kijiji cha eneo hilo. Njia ilipita katikati ya migomba na mibuni, ikapanda kilima chenye majani makavu, kisha ikafika penye vigingi vyeupe vinavyoonyesha mpaka wa hifadhi. Hapo mwenyeji alisimama, akamwita mbwa, akamfunga kwa kamba ya katani aliyokuwa ameifunga kiunoni. Alieleza kwamba yeye mwenyewe akikutwa hatua chache ndani ya mpaka anaweza kujieleza kuwa amepotea njia, lakini akiwa na mbwa hakuna atakayemsikiliza. Mbwa, kwa maelezo yake, ni ushahidi unaotembea.

Kauli hiyo ndiyo chimbuko la insha hii. Historia ya uhifadhi nchini Tanzania imeandikwa kwa mapana kuhusu tembo, faru, ng'ombe na mbung'o. Mbwa wa kufugwa hakupewa nafasi hiyo. Akitajwa katika kumbukumbu za kiserikali, hutajwa ama kama chombo cha ujangili ama kama chanzo cha kichaa. Ukimya huo una maana. Mnyama anayeingia katika maandishi kwa mlango wa makosa pekee hufanya hata binadamu anayefuatana naye aonekane mkosaji kabla ya kuulizwa.

Suala hili lina uzito wa sasa. Tangu mwaka 2019 mapori ya akiba ya zamani ya Ibanda na Rumanyika-Orugundu yamekuwa hifadhi za taifa zinazosimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Utalii wa kutembea kwa miguu unahamasishwa katika vilima vyake. Wakati huohuo, katika miji ya Afrika Mashariki limeibuka tabaka la watu wanaofuga mbwa kwa mapenzi na wanaotafuta mahali pa kutembea nao. Hivyo swali la nani aruhusiwe kuingia porini na mbwa linaulizwa upya, safari hii na mgeni mwenye pesa ya kiingilio. Jibu la haki haliwezi kupatikana bila kujua swali hilo lilikwisha kujibiwa vipi huko nyuma, na kwa hasara ya nani.

2.0 Mbwa na Pori Kabla ya Utawala wa Kikoloni

Ushahidi wa kwanza ni wa lugha. Mnyambo humwita mnyama huyu embwa, Mganda humwita embwa, Mnyarwanda imbwa, na Mswahili mbwa. Maneno haya yanatokana na mzizi mmoja ambao wanaisimu wameuweka katika msamiati wa kale wa Kibantu. Kwa hiyo mbwa hakuletwa Karagwe na mzungu wala na mfanyabiashara wa pwani. Alifuatana na jamii za Kibantu katika historia yao ndefu, na jina lake ni mojawapo ya mali walizogawana.

Ushahidi wa pili ni wa itikadi. Katika imani za jadi za Karagwe na Buhaya, pori lilikuwa na mwenyewe: Irungu, roho wa nyika na wawindaji. Aliyekwenda kuwinda aliingia katika milki ya mwingine na alipaswa kuingia kwa adabu. Ng'ambo ya Mto Kagera, masimulizi ya Rwanda yanamhusu Ryangombe, mwindaji mashuhuri aliyetoka na mbwa wake licha ya onyo la mama yake, akauawa na nyati, kisha akawa kiini cha ibada ya kubandwa. Katika simulizi hilo mbwa si kosa la mwindaji. Kosa ni kutosikia la mkuu. Kwenda porini na mbwa ni jambo la kawaida kiasi kwamba msimulizi halazimiki kulieleza.

Ushahidi wa tatu ni wa kiufundi. Katika eneo zima la Maziwa Makuu, wawindaji walitumia mikuki, nyavu na mbwa waliovishwa kengele shingoni. Kengele ilimwezesha mwindaji kujua mbwa amefika wapi katika majani marefu, na ilimshtua mnyama ili aelekee penye nyavu. Uwindaji wa namna hii ulihitaji watu wengi, mpangilio wa zamu na kanuni za kugawana nyama. Ulikuwa pia njia ya kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na nyani, na kulinda mbuzi dhidi ya chui. Mbwa yuleyule aliyewinda mchana alilinda zizi usiku. Mpaka kati ya mbwa wa kuwinda na mbwa wa nyumbani, ambao sheria za baadaye zilidhani upo, haukuwepo.

Ikumbukwe pia kwamba mbwa hakuwa mnyama wa mafukara tu. Speke alipofika Buganda mwezi Februari 1862, alimkuta Kabaka Mutesa wa Kwanza akiwa na mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke kando yake, vitu alivyovieleza kuwa alama za ufalme huo. Katika dola iliyopakana na Karagwe, mbwa alikaa barazani kwa mfalme.

Kiswahili chenyewe kimebeba mitazamo miwili. Katika jamii za Waislamu wa pwani mbwa huhesabiwa kuwa najisi, na jina lake limekuwa tusi. Hata hivyo, sheria ya dini hiyohiyo inakubali kuwinda kwa mbwa aliyefunzwa, na lugha imehifadhi methali isemayo kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Kiswahili kilipokuwa lugha ya utawala katika bara la Tanganyika, kilifika Karagwe na mizigo hiyo miwili: dharau na heshima. Katika maandishi ya ofisi ni dharau iliyosikika zaidi.

3.0 Wageni wa Kwanza Waliotembea: 1861–1876

John Hanning Speke na James Augustus Grant waliwasili kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861, wakiwa safarini kutafuta chanzo cha Mto Naili. Omukama huyo, aliyejulikana pia kwa jina la Orugundu, aliwapokea kwa ukarimu ambao Speke aliusifu sana katika kitabu chake cha mwaka 1863. Miongoni mwa mambo aliyoyafanya Speke akiwa mgeni ni kuwinda faru katika vilima vya Karagwe na kumpelekea mwenyeji wake vichwa vya wanyama hao. Kutoka Karagwe alipata pia habari na kielelezo cha swala wa majini aitwaye nzohe, ambaye kwa lugha ya kisayansi ana jina la Speke hadi leo.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, mgeni aliwinda kwa idhini ya mwenye nchi. Pori la Karagwe halikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Lilikuwa chini ya Omukama, na Speke alilijua hilo. Pili, jina la nzohe linaonyesha mapema kabisa jinsi maarifa ya wenyeji yalivyobadilishwa umiliki. Wenyeji walimfahamu mnyama, mahali alipolala na namna ya kumpata. Mgeni aliondoka na jina.

Kisa cha Grant kina funzo lake. Kitabu chake cha mwaka 1864 kilipewa jina linalozungumzia kutembea kwa miguu kuvuka Afrika. Hata hivyo, katika Karagwe Grant hakutembea. Mguu wake uliugua vibaya, na Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862 alimwacha chini ya uangalizi wa Rumanyika. Grant alikaa hapo hadi Aprili, akaondoka akiwa amebebwa kwenye machela. Mtu ambaye maandishi yake yalisaidia kuitangaza Karagwe kama nchi ya kutembelewa aliiona kwa sehemu kubwa akiwa ameketi, na aliishi kwa hisani ya wenyeji.

Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alitembelea pia chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo zimo wilayani Kyerwa. Aliwakuta huko wagonjwa waliokuja kuoga wakitafuta nafuu. Habari hii ni muhimu kwa historia ya matembezi. Fasihi ya utalii huchukulia kwamba safari ya kwenda mahali pa asili kwa ajili ya afya na utulivu ni desturi iliyoletwa na wageni. Mtagata inathibitisha kinyume. Watu wa eneo hili walikuwa na mahali pa kuzuru, na walikwenda kwa miguu, kabla ya kuwepo lango, tiketi na askari.

4.0 Mzizi wa Kwanza: Sheria za Uwindaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Karagwe kama ilivyoteketeza wa sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Kjekshus (1977) ameonyesha kwamba maafa ya kipindi hicho yalivunja uwezo wa jamii kuyatawala mazingira yao. Malisho yasiyoliwa na ng'ombe yaligeuka vichaka. Vichaka vilileta mbung'o. Mbung'o walileta malale na kuwafukuza watu. Serikali za kikoloni zilipoona vichaka hivyo zilidhani zimeona pori la asili. Kwa hakika zilikuwa zinaona mahame.

Ni katika hali hiyo ndipo sheria za wanyamapori zilipoanza. Kanuni iliyotolewa na gavana Hermann von Wissmann mwaka 1896 iliweka utaratibu wa leseni za kuwinda na kutenga maeneo ya hifadhi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mkataba huo haukupata kuanza kutumika rasmi, lakini fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni. Ulitaka nyavu na mashimo ya kunasia wanyama yazuiwe, yaani zana za mwindaji Mwafrika, huku bunduki yenye leseni ikibaki halali. Aidha, katika orodha ya wanyama waharibifu waliotakiwa kupunguzwa, mkataba uliwaweka mbwa mwitu pamoja na simba, chui, fisi na nyani. Mbwa mwitu, ambaye leo ni miongoni mwa wanyama wanaolindwa kwa gharama kubwa, wakati huo alihesabiwa kuwa adui wa uhifadhi.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walitunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyama ya mwaka 1921, ikafuatiwa na ya 1940 na ile ya Hifadhi ya Fauna ya 1951. Baada ya uhuru zikaja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 12 ya 1974 na Sheria Na. 5 ya 2009. Katika sheria hii ya mwisho mbwa na wanyama wengine wa kufugwa wamo katika orodha ya njia zisizoruhusiwa kuwindia, pamoja na sumu, mitego na mashimo. MacKenzie (1988) ameonyesha jinsi sheria za aina hii zilivyotenganisha uwindaji katika makundi mawili: wa mzungu, uliopewa jina la michezo na kuhesabiwa kuwa wa kiungwana, na wa Mwafrika, ulioitwa ujangili na kuhesabiwa kuwa wa kikatili.

Mbwa ndiye anayelifichua vizuri zaidi jambo hilo. Katika nyanda za juu za Kenya walowezi waliagiza mbwa wa kuwindia kutoka Uingereza na kukimbiza bweha wakiwa juu ya farasi, kwa kuwa mbweha wa kwao hawakuwepo. Mwaka 1911 tajiri wa Kimarekani Paul Rainey alileta kundi la mbwa kutoka nchini kwake kuwinda simba nchini humo, na uwindaji huo ukapigwa filamu iliyovutia watazamaji wengi. Kitendo kilikuwa kilekile: mtu, mbwa na mnyama anayekimbizwa. Kilichotofautiana ni mwenye mbwa. Kwa mmoja mbwa alikuwa fahari inayostahili kupigwa picha. Kwa mwingine alikuwa ushahidi mbele ya hakimu.

Si nia ya insha hii kudai kwamba uwindaji wa jadi haukuwa na madhara, au kwamba wanyama wa Karagwe wangesalimika bila sheria yoyote. Bunduki, biashara ya pembe na ongezeko la watu vilibadilisha mizani. Hoja ni kwamba, katika hatua hii, mbwa alikatazwa kwa sababu ya mkono uliomshika. Afya ya wanyamapori haikuwa sehemu ya hoja hiyo.

5.0 Mzizi wa Pili: Magonjwa

Mzizi wa pili ulikuja karibu karne moja baadaye, na ushahidi wake ni wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1991 mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti katika ikolojia ya Serengeti na Mara walitoweka, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa miongoni mwao. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ya mbwa uliwashambulia simba wa Serengeti na kuua takriban 1,000 kati yao, yaani karibu theluthi moja. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa mbwa wengi wa vijijini waliozunguka hifadhi ambao hawakuwa wamechanjwa. Kirusi cha distempa hakihitaji mbwa aume: hupita kwa pumzi na majimaji ya mwilini, na wanyama wanaokula mizoga pamoja, kama fisi na bweha, huweza kukisambaza mbali.

Tukio hilo lilibadilisha maana ya mbwa porini. Mbwa wa mtalii, aliyeogeshwa na kufungwa kamba, na mbwa wa mwanakijiji, mwembamba na huru, wakawa sawa mbele ya kirusi. Hapa katazo halijali rangi, tabaka wala nia ya mwenye mbwa. Hata mbwa asiyewinda, asiyebweka na asiyetoka njiani, anaweza kuacha ugonjwa kwenye kinyesi au mate yake. Aidha, wanyama wanaoliwa na jamii ya mbwa humchukulia kila mbwa kuwa hatari. Harufu yake peke yake yaweza kuwahamisha kutoka mahali pa malisho au pa kuzalia.

Mzizi huu una tofauti nyingine iliyo muhimu kwa sera: unatibika. Chanjo ya kichaa ipo na chanjo ya distempa ipo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili kukatiza maambukizi ya kichaa, na kisiwa cha Pemba kimeonyesha kwamba kampeni za kuchanja mbwa zinaweza kuuondoa ugonjwa huo. Sheria ya uwindaji ilimtaka mwanakijiji aachane na mbwa wake. Elimu ya magonjwa inamtaka amtunze vizuri zaidi. Haya ni matakwa mawili tofauti, na yanayoyasema yote kwa neno moja la "marufuku" yanamnyima mwanakijiji nafasi ya kuitikia lile la pili.

6.0 Mpaka Unavyobana: Kutoka Pori la Akiba Hadi Hifadhi ya Taifa

Katika miaka ya 1970 Ibanda na Rumanyika-Orugundu yalifanywa mapori ya akiba. Pori la Rumanyika lilipewa jina la Omukama aliyempokea Speke. Kuna kinaya katika heshima hiyo: jina la mtawala aliyetoa idhini ya kuwinda lilibandikwa mahali ambapo wajukuu wa raia wake hawakuwa tena na idhini ya kuingia.

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliwamwaga mamia ya maelfu ya wakimbizi katika wilaya za Ngara na Karagwe. Kambi kama Chabalisa na Kagenyi zilihitaji kuni, nguzo na chakula, na mapori ya jirani yalikatwa miti na kuwindwa kwa kiwango kisichowahi kuonekana. Haikuwa rahisi katika miaka hiyo kutenganisha njaa na ujangili. Kwa wasimamizi wa mapori, uzoefu huo uliimarisha mtazamo kwamba kila mtu aonekanaye porini na panga, kamba au mbwa ni mhalifu hadi ithibitike vinginevyo. Mtazamo huo ulidumu hata baada ya wakimbizi kurudi kwao mwishoni mwa mwaka 1996.

Kyerwa ilitenganishwa na Karagwe na kuwa wilaya kamili mwaka 2012. Miaka saba baadaye Rumanyika-Karagwe, yenye takriban kilomita za mraba 247, na Ibanda-Kyerwa, yenye takriban kilomita za mraba 299, zikatangazwa kuwa hifadhi za taifa. Hizi ni hifadhi ndogo zikilinganishwa na Serengeti au hata Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka huohuo. Udogo una athari. Hifadhi ndogo ina mpaka mrefu kwa uwiano wa eneo lake, na sehemu kubwa ya mpaka huo inagusana na mashamba. Nyani wa hifadhini hula mahindi ya kijijini. Mbwa wa kijijini huwafukuza nyani hadi hifadhini. Mbwa anayetimiza wajibu wake kwa mkulima hutenda kosa kwa mhifadhi katika mbio ileile moja.

Kanuni za hifadhi za taifa haziruhusu wageni kuingia na wanyama wa kufugwa. Kwa maana hiyo, anayetaka kupanda vilima vya Rumanyika na mbwa wake hana nafasi, awe ametoka Omurushaka, Bukoba au Ulaya. Kwa mujibu wa sehemu iliyotangulia ya insha hii, kanuni hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba mgeni huelezwa sababu yake kwa upole langoni, ilhali mwanakijiji huisikia katika lugha ya mzizi wa kwanza: lugha ya kukamatwa.

7.0 Kamba Imeshikwa na Nani? Akagera na Karura

Ng'ambo ya mto, Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda ilianzishwa mwaka 1934 na kupunguzwa sana mwaka 1997 ili kuwapatia ardhi watu waliorejea baada ya vita. Tangu mwaka 2010 imekuwa ikisimamiwa kwa ubia na shirika la African Parks. Simba walirudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Miongoni mwa walinzi wa wanyama hao wamo mbwa wa kunusa, waliofunzwa kufuata nyayo za majangili. Kikosi cha namna hiyo kipo pia katika eneo la Grumeti, magharibi mwa Serengeti. Hivyo mbwa amerudi porini, akiwa amechanjwa, amefunzwa na amevishwa ukanda wa askari. Pua iliyomsaidia mwindaji wa jadi ndiyo inayotumika sasa kumtafuta mrithi wake. Historia imezunguka, na kwa mara nyingine swali si kama mbwa aingie, bali kamba yake imeshikwa na nani.

Mfano wa pili uko Nairobi. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, ulinusurika kugawiwa wajenzi binafsi kutokana na mapambano yaliyoongozwa na Wangari Maathai na wenzake mwaka 1998 na 1999. Leo unasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya pamoja na chama cha jamii cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Wageni hulipa kiingilio, hutembea na kuendesha baiskeli, na wanaruhusiwa kuingia na mbwa kwa sharti la kuwafunga kamba. Huenda huu ndio mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki wa eneo la asili lililo huru kwa matembezi na mbwa.

Karura si hifadhi ya taifa, haina simba wala mbwa mwitu, na imezungukwa na jiji ambamo huduma za mifugo zinapatikana. Haifai kunakiliwa Rumanyika. Inachofundisha ni kwamba aina ya eneo ndiyo inayopaswa kuamua kanuni. Karagwe na Kyerwa zina maeneo ya aina hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wake. Msitu wa kijiji unaweza kuwa na njia ya kutembelea, muongozaji wa kijijini, ada inayoingia katika mfuko wa kijiji, na kanuni moja kwa mbwa wote: kamba na cheti cha chanjo. Mgeni angepata matembezi yake. Mwanakijiji angepata mahali ambapo kuwa na mbwa si kosa. Hifadhi ingepata ukanda wa mbwa waliochanjwa mpakani mwake, jambo ambalo askari hawawezi kulileta kwa kufukuza.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba katazo la mbwa katika hifadhi za Karagwe na Kyerwa ni tabaka mbili za historia zilizolaliana. La chini liliwekwa na sheria zilizolenga kumwondoa mwindaji Mwafrika porini. La juu limewekwa na maarifa ya magonjwa, na linasimama kwa ushahidi. Anayelitetea katazo kwa kuyachanganya matabaka hayo hujikuta akitetea dhuluma ili kulinda ukweli. Anayelipinga kwa kuyachanganya huweza kuwaua simba ili kulipa kisasi cha mwaka 1900.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, kanuni ya kuzuia mbwa ndani ya hifadhi za taifa ibaki, lakini ielezwe kwa wanavijiji kwa sababu yake ya kiafya, na mbwa aliyevuka mpaka akimfukuza nyani asihesabiwe moja kwa moja kuwa mbwa wa jangili. Pili, chanjo ya mbwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi ihesabiwe kuwa kazi ya uhifadhi na ipewe fungu la kudumu. Tatu, misitu ya vijiji ifikiriwe kama mahali pa matembezi ya watu na mbwa wao. Kwa upande wa utafiti, masimulizi ya wawindaji wazee wa Kinyambo kuhusu majina ya mbwa, kengele zao na mafunzo yao yanahitaji kukusanywa haraka, kwani wanaoyakumbuka wanazidi kupungua.

Jioni ile pale mpakani, mwenyeji wa mtafiti hakulalamika. Alimfunga mbwa, akageuka, akashuka kilima kwa njia iliyopita ubavuni mwa vigingi hadi shambani kwake. Alipofika kwenye migomba alifungua kamba, na mbwa akatangulia nyumbani.